Kopo la Bluu kwenye Baa ya Maharamia

Toledo, Ohio
Aprili 29

Dwight mdogo wangu,

Nakuandikia barua kwa sababu simu yangu huipokei, na ukiipokea unasema uko kwenye foleni. Mtu gani huyo anayeishi kwenye foleni?

Shughuli ya mama ilikwenda vizuri. Jumamosi, tarehe ileile ambayo yeye na baba walifunga ndoa, tuliyazika majivu yake kando ya kaburi la baba kama nilivyopanga. Mchungaji Haugen aliomba dakika ishirini nzima, akina mama wa kwaya wakaimba, kisha tukala viazi kwenye ukumbi wa kanisa. Jiwe sasa lina majina yao wote wawili. Nililia kidogo tu, kwa kuwa watu walikuwa wananitazama.

Nina maswali mawili, na nakuomba usinizungushe.

La kwanza. Sanduku ulilonitumia kwa posta lilikuwa linanuka moshi. Si moshi wa tanuri la kuchomea maiti, maana huo baada ya miezi miwili ungekuwa umeshakwisha. Ni moshi wa jikoni. Tena alipokufa baba, ndani ya mfuko wa majivu yake mlikuwa na kisahani cha chuma chenye namba, ili watu wasije wakakabidhiwa marehemu wa mwenzao. Kwenye mfuko wa mama sikukiona. Nilipekua kwa kijiko, hakimo.

La pili. Binamu Noreen alikuwa huko Florida na wajukuu wiki ya Pasaka. Anasema alikuona Jumanne saa tano asubuhi kwenye bustani ya burudani ya Bandari ya Furaha, ndani ya ile baa yao mpya ya maharamia inayoitwa Nanga Iliyopotea. Ulikuwa peke yako na vikombe viwili mbele yako, na mezani palikuwa na kopo la bluu la biskuti, lile mama alilokuwa akiweka sindano na nyuzi. Akaja mwanamke mwenye kitambaa jichoni, akakushika bega, mkanong'onezana. Noreen alipokupungia mkono, ukalifunika kopo kwa kofia.

Mtu mzima wa miaka hamsini na minne anaficha kopo la biskuti la nini?

Dada yako,
Verlene


Kissimmee, Florida
Mei 5

Dada Verlene,

Nafurahi shughuli imekwisha salama. Pole kwa mahangaiko, na asante kwa kila ulichofanya. Unajua mgongo wangu ungenizuia kusafiri hata kama ningetaka.

Kuhusu moshi, sanduku lilikaa kwenye banda la gari pembeni ya jiko langu la kuchomea nyama. Unanijua, wikiendi bila nyama choma kwangu ni msiba. Kuhusu kisahani, nadhani wale jamaa wa tanuri walisahau. Binadamu tunasahau.

Hiyo baa ya maharamia isikunyime usingizi. Hapa kila mwenye tiketi ya mwaka anakwenda. Unaamka saa kumi na mbili asubuhi kugombea nafasi kwenye simu, na ukiipata unapewa dakika arobaini na tano, kisha wanakutoa kwa heshima. Mimi huenda kuangalia makoti. Umesahau kwamba makoti ya maharamia wale ndiyo kazi ya mwisho ya mama kabla hajastaafu pale kwenye karakana ya mavazi ya bustani? Ameyashona kumi na manne, mtu wa miaka sabini na tisa. Nikikaa pale nayaona yanatembea. Hiyo nayo ni dhambi?

Huyo mwanamke ni Nahodha Bess, mhudumu. Kila mteja anashikwa bega na kila mteja anapewa jina. Mimi naitwa Mzee Nanga Nzito.

Kwenye kopo mna biskuti. Mwambie Noreen apumzike.

Dwight


Toledo
Mei 12

Dwight,

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nimewapigia simu watu wa tanuri. Bibi mmoja mpole akanifungulia daftari: Imogene Haskell, namba 4417. Kisahani kinaingia motoni pamoja na maiti na kinatoka pamoja na majivu. Mfuko unafungwa mbele ya watu wawili. Kwa miaka ishirini na sita hajawahi kusikia kimesahaulika. Kwa hiyo kama hakikunifikia, mfuko ulifunguliwa, na aliyeufungua ni wewe.

Nimemuuliza Noreen pia. Anasema kwenye bustani hizo za burudani kuna watu wanaoingia na majivu ya wapendwa wao mfukoni, wanayamwaga gizani, na wafagiaji wanakuja na mashine kuyavuta kama makombo. Alikuwa anacheka aliponiambia. Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni mpaka miguu ikafa ganzi.

Sasa niambie kwa kinywa chako. Ulimmwaga mama yetu chini ya meza ya maharamia? Na kama ulimmwaga, mimi Jumamosi ile nilizika nini? Kanisa zima lilisimama, Dwight. Bibi Tollefson alikuja na kiti chake cha magurudumu kwenye mvua.

Ukinijibu habari za makoti tena, nitakuja huko mwenyewe.

Verlene


Kissimmee
Mei 18

Dada,

Haya. Niligawa. Nusu nilikutumia, nusu nilibaki nayo kwenye kopo. Kisahani kiliangukia upande wangu. Nilipaswa kukwambia, nikaogopa ungepiga kelele, na sasa unapiga kelele. Mimi pia ni mtoto wake. Alikaa nyumbani kwangu miaka kumi na minane. Nilidhani nusu ni haki.

Nimekujibu. Na mimi nina langu.

Noreen aliona kopo na akaona mwanamke akinishika bega. Mtu mwingine yeyote angesema, aa, Dwight amepata mchumba. Hata jirani yangu Lucius, ambaye hafikirii mara mbili kwa wiki, alisema hivyo. Wewe ukaruka moja kwa moja mpaka majivu. Si majivu tu, ukasema chini ya meza. Hukusema baharini, hukusema bustanini kwenye maua. Noreen hakusema chini ya meza, nimempigia simu nikamuuliza. Mimi sikusema.

Nani alikuambia chini ya meza, Verlene?

Safari hii nasubiri mimi.

Dwight


Hoteli ya Flamingo Ndogo, Kissimmee
Jumanne, Juni 3

Dwight,

Usishangae kuona barua haina stempu. Nimeitia kwa mkono wangu kwenye sanduku lako asubuhi hii, gari lako lilikuwa limetoka. Niko hapa tangu juzi. Sikukwambia kwa sababu nilitaka kuona kabla hujaficha.

Jana nilikwenda Nanga Iliyopotea. Noreen ndiye aliyeamka alfajiri kunikatia nafasi. Nilisimama juani nyuma ya watu wazima waliovaa kofia za manyoya na kujifunga panga za plastiki, na hakuna aliyewacheka. Ndani ni giza, ubao unalia chini ya miguu, na kila baada ya muda mzinga unanguruma ukutani, watu wanashangilia utadhani ndiyo mara ya kwanza. Nilichukia kila kitu kwa dakika kumi za mwanzo.

Huyo Bess wako akanijia na koti lake jekundu.

"Jina, ewe mtu wa nchi kavu?"

"Haskell."

Akanitazama tena usoni. "Tunaye Haskell wa Jumanne. Wewe ni Haskell wa wapi?"

"Wa Toledo. Binti, vua hicho kitambaa tuongee kama watu."

"Jicho lilibaki kisiwani Tortuga, mama. Nikivua utaona shimo tu."

"Sijaja kucheza. Namtafuta mama yangu."

"Humu ndani hakuna asiyetafuta kitu. Agiza kinywaji kwanza, mzinga hausubiri mtu."

Nikaagiza maji ya ndimu, nikaletewa kwenye kikombe chenye fuvu la kichwa. Nilijaribu mara tatu kumtoa kwenye uharamia wake, nikashindwa. Nikakumbuka mama alivyokuwa akisimulia kwenye simu, kwamba mfanyakazi akikiri mbele ya mgeni kuwa yeye si haramia, kesho yake anauza bisi getini. Basi nikaingia na mimi. Mungu anisamehe, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwalimu wa shule ya Jumapili.

"Nahodha," nikamwambia, "huyo baharia wako wa Jumanne ana sanduku la bluu. Nimepata habari alimwaga shehena yangu kwenye sitaha yako."

"Habari kutoka kwa nani? Mkuu wa bandari au kasuku?"

"Binamu yangu."

"Kasuku, basi." Akavuta kiti, akakaa. Nadhani hawaruhusiwi kukaa, maana aliangalia nyuma kwanza. "Sikiliza, mama. Siku ya kwanza alipokuja alilifungua sanduku hapa hapa, limejaa mpaka juu, analia mpaka makamasi. Nikaweka kiganja juu ya mfuniko. Nikamwambia, baharia, kila kinachomwagwa kwenye sitaha yangu kinafagiliwa kabla mzinga haujalia tena, kinakwenda pipani na maganda ya ndimu. Kama unaipenda shehena yako, funga."

"Akafunga?"

"Akafunga. Tangu hapo anakuja nayo na anaondoka nayo, haijapungua. Anaagiza vikombe viwili, kimoja hakiguswi. Wengine nawahesabia dakika, yeye simhesabii."

"Kwa nini yeye humhesabii?"

Akageuza ukingo wa koti akanionyesha pindo kwa ndani. Mshono wa mama, Dwight. Ule wa kurudia mara mbili, alionifundisha utotoni nikashindwa.

"Bibi aliyenishonea hili alinipiga kofi la mgongo," akasema. "Akaniambia simama wima mwanangu, haramia gani anajikunja? Alikuwa anacheka mpaka anajichoma sindano. Karakana nzima ilikuwa inamsikia. Unamfahamu?"

Nikalipapasa lile pindo. Yule anayemsema mimi simfahamu. Mama niliyelelewa naye alikuwa akicheka anaziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Unakumbuka jinsi ilivyokuwa. Baba hakuwahi kumpiga, lakini chumvi ikizidi kwenye supu alinyamaza wiki nzima, na sisi tukatembea na soksi ili sakafu isilie. Mimi ndiye niliyekuwa nikikuwekea kidole mdomoni na kukuambia nyumba yetu ni nzuri, baba amechoka tu. Nilisema hivyo miaka mingi mpaka nikaamini.

Kwa hiyo sasa najua umenidanganya tena. Huyo haramia alisema sanduku halijapungua tangu siku ya kwanza, tena alisema lilikuwa limejaa mpaka juu, na nusu haiwezi kulijaza kopo lile. Hukugawa. Mama yuko mzima kwako. Kilichoko kaburini Toledo sikijui, na ukweli ni kwamba naogopa kukijua.

Lakini uliniuliza swali na sitalikwepa. Aliyeniambia chini ya meza ni mama mwenyewe.

Aliniandikia Januari, wiki sita kabla hajafa, kurasa mbili kwa penseli. Alisema: "Usinirudishe Toledo, Verlene. Nililala miaka arobaini na mmoja pembeni ya mtu aliyenyamaza, sitaki kulala naye milele. Niacheni huku nilikocheka. Hata chini ya meza ya maharamia wangu panatosha." Niliisoma mara tatu nimesimama, kisha nikaichoma kwenye sinki nikafungulia maji.

Najua utauliza kwa nini. Jiwe lilikuwa limeshachongwa, hilo ni moja, lakini si hilo. Kama mama alikuwa na huzuni kiasi hicho, basi nilikuwa nakudanganya wewe na kumdanganya kila mtu tangu nikiwa mtoto. Nilitaka walale pamoja ili iwe kweli nilichokuwa nikisema. Na Noreen alipotaja kopo, nikajua mara moja kwamba mama amekwambia na wewe. Nikaanza kukuita mwongo kwa sababu mwongo nilikuwa mimi.

Nimeshindwa kukuambia haya uso kwa uso, ndiyo maana nimekaa kilomita nne kutoka kwako nakuandikia barua kama niko ng'ambo. Unaweza kunikasirikia, sitajitetea.

Mama asirudi Toledo. Nimesema.

Verlene


Kissimmee
Jumanne, Juni 3, alasiri

Dada,

Nimeikuta barua yako niliporudi kutoka Nanga. Bess alinipokea mlangoni akaniambia, "Mzee Nanga Nzito, Toledo imetia nanga." Nikadhani ni utani wake wa kila siku.

Nianze na kaburi, ujue yaishe. Ni mkaa wa mwaloni na mifupa ya mbavu za nguruwe za Jumapili ya Matawi. Niliisaga kwa nyundo kwenye banda la gari, nikachekecha kwa kichujio cha chai. Sijivunii. Ulikuwa umeshaita mchungaji na kwaya, na wewe dada yangu hujawahi kuambiwa hapana ukasikia. Kila siku nilijiambia kesho nitakwambia. Mchungaji Haugen naomba asijue aliombea nini kwa dakika ishirini. Na baba, tangu nizaliwe, kitu pekee nilichomsikia akikisifu mezani ni mbavu. Tuziache zilale naye.

Ile siku ya kwanza kwenye baa nusura nivunje ahadi niliyompa mama, na kama si mkono wa Bess ningekuwa nimempoteza pipani. Ahadi yenyewe sikuweza kukuambia, kwa sababu kukunyamazia ilikuwa sehemu yake. Sasa naweza.

Jumapili moja mwezi ule wa Januari aliniita chumbani. Akasema ameshakuandikia ulichonisimulia. Nikamuuliza, na Verlene akikataa? Akasema, "Hatakataa, ataichoma barua. Usimgombeze. Alianza kunifichia aibu yangu akiwa na miaka saba, maskini, na hakuna aliyemwambia kazi imekwisha. Wewe nisubirishe tu kwenye kopo langu. Usimuulize, usimsukume, na usinimwage popote mpaka aseme mwenyewe."

Nikamwambia, mama, huyo anaweza kukaa miaka kumi hajasema. Akacheka kile kicheko chake. Akasema yeye sasa hana haraka.

Umesema, dada. Mahali utachagua wewe, sharti pawe na kelele. Kesho saa mbili asubuhi usitoke hotelini, na usiagize kifungua kinywa cha mtu mmoja. Nitakuja na mama.

Mdogo wako,
Dwight